Picha za Jana

Wananchi wa Nakuru, wa Rongai, wa Longonot na wa kila senta iliyo katikati walitangaziwa Jumatatu asubuhi kwamba makosa yamekwisha.

Si kupungua. Kwisha. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Uratibu wa Vibanda vya Soko, Mheshimiwa Jamleck Ndegwa, alisimama kwenye ngazi za ofisi, akagonga maikrofoni kwa kidole, vumbi jeupe la ziwani likamwingia jicho moja, akalifumba, na kwa lile lililobaki akawatazama watu wote sawasawa. Akasema, "Kuanzia leo, Mamlaka hii ina uwezo wa kurudi jana."

Watu wakapiga makofi. Gedion Mbugua alipiga kuliko wote, kwa sababu hotuba aliiandika yeye, hema alikodisha yeye, utepe alikata kipimo yeye, mchungaji wa kuomba alimtafuta yeye, na ni yeye aliyesimama mbele ya mandazi ili yasiguswe kabla ya amina. Gedion alikuwa Afisa wa Itifaki. Kazi ya itifaki ni kuhakikisha kila jambo lina mgeni rasmi. Jambo lisilo na mgeni rasmi, hata likifanyika, halijafanyika.

Kitu kilichokuwa kikizinduliwa hakikuonekana, lakini hilo halikuharibu sherehe. Nyuma ya ofisi, katika chumba kilichokuwa stoo ya majani ya chai, kulikuwa na seva moja nyeusi. Ndani ya seva hiyo kulikuwa na mashine nyingine isiyo na mwili, iliyoishi ndani ya ile ya kwanza kama mpangaji. Na ndani ya huyo mpangaji ndimo ulimokuwa mfumo wote wa Mamlaka: nani ana kibanda gani, nani ana cheo gani, na geti limfungulie nani.

Aliyeitunza alikuwa Chelangat, ambaye ofisi nzima ilimwita "msichana wa kompyuta" ingawa alikuwa na watoto wawili. Kabla ya sherehe Chelangat alikuwa amemweleza Mkurugenzi kwa upole.

"Inaitwa snapshot, boss. Ni kama kuipiga mashine picha kabla hujaigusa. Ukiharibu, unarudi kwa ile picha, inakuwa ni kama hujawahi kuharibu. Ukimaliza kazi salama, unaifuta."

"Kuifuta?"

"Ndiyo. Ukiiacha inanenepa. Kila kitu kinachobadilika baada ya picha kinaandikwa kando, na diski yetu ni ndogo. Halafu usidhani hii ni nakala ya akiba. Picha inalala kwa diski ileile. Diski ikifa, na picha imekufa. Akiba inafaa kukaa mbali, kama mbegu. Huwezi weka mahindi ya kula na ya kupanda kwa gunia moja."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza Mungu hulala saa ngapi.

"Chelangat," akasema, "serikali haizindui kitu ili ikifute."

Basi ikazinduliwa, na ikapewa jina la kiserikali: Taswira Tulivu ya Uthabiti wa Taasisi. Kwenye korido watu waliendelea kuiita picha.

Kilichofuata kilitokana na mafanikio. Uzinduzi wa kwanza ulipendeza hata ukaonyeshwa kwenye habari, kwa hiyo Mkurugenzi akaelekeza uzinduzi wa pili. Chelangat akaagizwa apige picha nyingine, Gedion akatafuta mgeni rasmi mwingine. Na kwa kuwa hakuna mtu mzima anayekata utepe bila kuacha jina lake mahali, kila picha ikapewa jina la mgeni wake na kibao chake ukutani. Kulikuwa na Taswira ya Askofu. Kulikuwa na Taswira ya Mlezi wa Kwaya. Kulikuwa na Taswira ya Mwenyekiti wa Bodaboda, ambaye kibao chake kilipoangukia karibu na mlango wa choo alilalamika, ikabidi apigiwe picha ya pili ili apate kibao cha pili.

Gedion alikuwa anaona maisha yake yakienda vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Mahali hapo palikuwa Rongai.

Huko Rongai aliishi Shiko, na Gedion alitaka kumwoa Shiko, na Shiko hakuwa na pingamizi. Aliyekuwa na neno ni mama yake. Mama Shiko aliuza mahindi na maharagwe juu ya turubai kando ya barabara, na kila mvua ilipomkuta, maharagwe yake yalianza kuota kwenye gunia kama yamefika shambani. Ndiyo maana soko jipya lilipojengwa, yeye alikuwa wa kwanza kupanga foleni. Vibanda viligawanywa kwa kura ya wazi: vizibo vya soda vilivyoandikwa namba, ndani ya sufuria kubwa ya kanisa, kila mtu anaingiza mkono akiwa amefumba macho. Aliyesimamia alikuwa Bi. Chepchirchir, kaimu mkurugenzi wa wakati huo. Mama Shiko akaingiza mkono, akatoa kizibo cha kibanda cha pembeni, karibu na mfereji wa maji. Wanawake walimpigia vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Baadaye Jamleck Ndegwa akateuliwa. Bi. Chepchirchir akahamishiwa Kitengo cha Kusubiri Kupangiwa Kitengo, ghorofa ya chini, ambako alipewa meza na akaanza kufuma sweta. Mkurugenzi mpya naye akafanya marekebisho madogo katika mfumo. Baada ya marekebisho, kibanda cha pembeni kilikuwa cha Weldon. Weldon alikuwa kinyozi wa Mkurugenzi.

Mama Shiko alipokwenda kuuliza, akasomewa mwongozo ambao Mkurugenzi alikuwa ameutoa na kubandika kila mlango: MFUMO HAUDANGANYI. MFANYAKAZI YEYOTE ASIJUE WATU, AJUE MFUMO.

"Sasa wewe Gedion," Mama Shiko akamwambia siku alipomtembelea na mkate na majani ya chai, "si wewe ni mkubwa huko?"

"Mimi ni itifaki, mama."

"Hiyo itifaki inaweza kutoa kinyozi kwa laini ya nafaka?"

"Mama, mfumo unasema..."

"Wacha mfumo. Mimi niliingiza mkono kwa sufuria na Mungu ananiona. Sikiza, kijana. Wazee wenu wakitaka kuja hapa kuongea mambo ya mahari, watanikuta nimekaa ndani ya kibanda changu. Wakinikuta kwa hii turubai, nitawapatia chai, nitawauliza habari za mvua, na watarudi nyumbani na hiyo mvua."

Shiko, aliyekuwa mlangoni, akamtazama Gedion kwa huruma isiyo na msaada wowote ndani yake.

Gedion alirudi Nakuru akiwa na mawazo, na akakuta ofisi nayo ina mawazo. Diski ilikuwa karibu kujaa.

"Imebaki nafasi kama ya chai kwa kikombe cha mgeni aliyechelewa," Chelangat akasema. "Ikijaa, mashine inasimama. Futeni hizo picha."

Mkurugenzi hakukurupuka. Aliunda Kamati ya Nafasi. Kamati ilikaa, ikanywa chai, na ikatoka na hatua madhubuti.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupanua chumba. Kama diski haina nafasi, wajumbe walisema, ni kwa sababu stoo ya majani ya chai ni ndogo. Ukuta ukabomolewa, chumba kikawa kipana, seva ikabaki katikati kama ng'ombe mmoja kwenye uwanja wa michezo. Mafundi wakaondoka. Diski haikuhisi kitu.

Hatua ya pili ilikuwa kupunguza wananchi. Si wenyewe, majina yao. Chelangat alipewa agizo la kufupisha kila jina refu, na yeye, akiwa amechoka kubishana, akafupisha. Mzee mmoja wa viazi anayeitwa Ndung'u aliambiwa achague: abaki na alama ile ya juu au abaki na kibanda. Akauliza kama anaweza kuiacha pale mapokezi kisha aje kuichukua kukiwa na nafasi. Akaambiwa hilo litawasilishwa.

Hatua ya tatu ilihusu kile kisanduku. Chelangat alikuwa na kisanduku kidogo cha diski ya nje, alichokuwa akiwekea nakala ya akiba kila wiki na kukipeleka kulala mbali, katika ofisi ya Longonot. Kamati ilikiita, ikakihoji, na ikagundua kwamba hakijawahi kutumika hata siku moja.

"Kinafanya kazi gani?" mwenyekiti wa kamati akauliza.

"Kinangoja," Chelangat akasema.

"Kinangoja nini?"

"Siku mbaya."

Kamati ikaona aibu kwamba Mamlaka yenye uwezo wa kurudi jana inaweka rasilimali ya kungoja siku mbaya, kana kwamba haina imani. Kisanduku kikafutwa kila kilichokuwemo na kupewa kazi yenye heshima: kuhifadhi video za Mkurugenzi akikata tepe pamoja na wageni wake. Gedion mwenyewe ndiye aliyezipanga, kuanzia ya kofia ya kijivu mpaka ya kofia ya manyoya.

Baada ya hatua hizo zote, diski ikajaa. Mashine ikasimama. Geti halikufunguka hadi Chelangat alipofuta vitu vyake mwenyewe, pamoja na picha za ubatizo wa mtoto wake, ndipo ofisi ikapata pumzi ya siku chache.

Hapo Mkurugenzi akakubali kwamba picha moja ingeweza kuondolewa, mradi mwenyewe akubali. Gedion akapewa simu. Akaanza na Askofu, kwa sababu watu wa Mungu husamehe.

"Baba Askofu, shikamoo. Ni Gedion wa Mamlaka. Tulikuwa tunaomba... tungependa kukufuta kidogo."

"Kunifanya nini?"

"Kukufuta, Baba. Si wewe. Taswira yako. Inakula nafasi."

"Kijana, nani ametoa nafasi zaidi kwa hii kaunti kuliko mimi? Mwenyekiti wa Bodaboda amefutwa?"

"Bado, Baba."

"Mara mbili yuko hapo kwa ukuta, nimemwona. Mkianza na mimi, nitajua ni siasa."

Mlezi wa Kwaya alilia. Mwenyekiti wa Bodaboda alisema atakuja na vijana wake kuongea vizuri. Gedion akaweka simu chini, akaandika kwamba mashauriano yanaendelea.

Yangeendelea mpaka leo kama si nywele. Weldon alikuwa amefungua duka lake la kunyoa katikati ya laini ya nafaka, na upepo wa Rongai haujui mipaka ya kibanda. Mteja mmoja akachemsha maharagwe akakuta ndani kitu kama ndevu. Mama Shiko akapiga simu redioni asubuhi, kipindi ambacho bonde zima husikiliza likinywa chai, akasema kwa sauti ya utaratibu kabisa, "Mimi nauza nafaka tangu nikiwa msichana. Maharagwe ya nyayo najua, ya rosecoco najua. Ya kunyolewa ndiyo naona sasa." Kufikia saa sita, Nairobi walikuwa wamepiga simu. Wakaguzi wangefika kesho yake, na walitaka kuona vibanda viligawanywa vipi.

Asubuhi ya ukaguzi Mkurugenzi alimwita Chelangat na Gedion kwenye kile chumba kipana. Alikuwa anatokwa na jasho, lakini sauti ilikuwa ya jukwaani.

"Uwezo wa kurudi jana tuliuzindua wa nini?" akauliza. "Si wa siku kama hii? Rudisha mfumo. Urudi mahali pasipo na kosa hata moja."

Chelangat akafikiri. "Hata moja?"

"Hata moja. Wakaguzi wakifungua, wakute usafi."

"Basi si ya Askofu, si ya kwaya. Zote hizo zimepigwa baada ya marekebisho. Iko moja tu. Ile niliyopiga nikijaribu, kabla ya sherehe zote, siku ya pili baada ya ile kura ya sufuria. Haina jina."

"Haina mgeni rasmi?"

"Haina."

"Vizuri! Hakuna wa kununa."

"Lakini boss, wakati huo wewe ulikuwa bado..."

"Chelangat. Mimi nimekuwa mimi tangu nizaliwe."

"Sawa. Na ingine ni hii: tukirudi huko, leo yote inapotea. Na hizo picha zingine lazima zifutwe kwanza, diski haina pumzi ya kubeba zote."

"Zifutwe."

Gedion akakohoa. "Na Askofu, sir?"

"Askofu," Mkurugenzi akasema, "anaamini ufufuo."

Gedion alihesabu siku. Siku ya pili baada ya kura. Alikumbuka vigelegele na mbuzi. Alijua kilichokuwa ndani ya ile picha, na alijua kwamba Mkurugenzi hakumbuki, kwa sababu siku ya kura Mkurugenzi hakuwepo pale kwenye sufuria. Mtu ambaye dhamiri humsumbua upesi angesema jambo. Lakini Gedion alikuwa mtu wa itifaki, na itifaki haimkatizi mkubwa mara mbili katika kikao kimoja. Badala yake akauliza kama Mkurugenzi angependa kubonyeza mwenyewe, kwa kuwa hili nalo lilikuwa tukio.

Mkurugenzi alipenda. Utepe ukapatikana. Wafanyakazi wakaitwa, hata Bi. Chepchirchir akaja na sweta lake, akasimama nyuma akifuma. Mkurugenzi akakata, akabonyeza, akapigiwa makofi, kisha akatoka kwenda kuwapokea wakaguzi nje ya geti, Gedion akimfuata na mwavuli.

Gari la wakaguzi lilionekana likikata kona kutoka barabara kubwa. Mkurugenzi akarekebisha tai, akarudi getini ili awe wa kwanza kuingia, akaweka kidole kwenye kimashine. Kikalia, taa nyekundu ikawaka.

"Kipkirui, fungua," akamwambia askari wa geti.

Kipkirui alisoma kioo chake kwa utulivu wa mtu anayelipwa kwa mwezi. "Mzee, hapa inasema wewe ni Msaidizi wa Maegesho. Lango la maegesho ni lile la upande."

"Kipkirui, wewe unanijua!"

"Nakujua sana, mzee. Hata nyumbani kwako nimekula. Lakini ulisema tusijue watu, tujue mfumo."

"Na mimi?" Gedion akauliza.

Kipkirui akasoma juu, akasoma chini. "Wewe hauko kabisa. Uliandikwa kazi baada ya hapo. Pole, boss."

Gedion alisubiri kusikia uchungu, akashangaa kusikia kitu kama njaa tu.

Wakaguzi walikuwa wameshuka. Mkubwa wao, mama mfupi mwenye miwani, akauliza mkuu wa hapa ni nani.

"Bi. Chepchirchir," Kipkirui akasoma. "Kaimu."

Bi. Chepchirchir alichungulia kutoka kwenye ngazi, sindano bado mkononi. "Kwani nimepangiwa?"

"Chelangat!" Mkurugenzi akapaza sauti juu ya ua. "Nirudishie leo!"

"Hakuna picha ya leo, boss," Chelangat akajibu kutoka dirishani. "Ulisema zifutwe."

"Nakala ya akiba! Kile kisanduku cha siku mbaya! Kilete hapa, hawa waone!"

Chelangat hakubisha. Alishuka na kisanduku na kompyuta ya kubeba, akaziweka juu ya boneti ya gari la wakaguzi, akafungua. Mkurugenzi akatokea kwenye kioo akiwa na kofia ya kijivu, akikata utepe. Akatokea tena na kofia nyeupe, akikata utepe. Akatokea na kofia ya manyoya, akikata utepe, akisema Mamlaka hii ina uwezo wa kurudi jana. Wakaguzi walitazama bila haraka. Kwenye ule uzinduzi wa Mlezi wa Kwaya, mmoja wao akauliza kama yale mandazi yalibaki.

"Na vibanda?" mama wa miwani akauliza.

Bi. Chepchirchir akamwonyesha kwenye mfumo. Kila kibanda kilikuwa na mwenyewe, kama kizibo kilivyosema, majina yakiwa marefu kama yalivyozaliwa, Ndung'u akiwa na alama yake juu kichwani kama kofia. Cha pembeni, karibu na mfereji, kilikuwa cha Mama Shiko. Mama wa miwani akasema hajaona ugawaji safi kama huu, na kwamba mfumo huu ndio utakaofuatwa, kwa sababu, kama alivyosoma kwenye kila mlango, haudanganyi.

Simu ya Gedion ikalia. Ilikuwa Rongai.

"Wee Gedion!" Mama Shiko alikuwa anapiga kelele kushinda upepo. "Nimetumiwa ujumbe na huo mfumo wenu, kibanda ni changu! Kinyozi anafungasha viti! Ni wewe umefanya?"

Gedion akamtazama Jamleck Ndegwa pale nje ya ua. "Ni kazi ya wengi, mama."

"Basi kuja haraka. Kuna magunia ya kuingiza, na hii mvua naiona Menengai. Uko na kazi leo?"

"Leo sina, mama," Gedion akasema. "Hata jana sikuwa nayo."

"Vizuri sana. Waambie hao wazee wenu wavae viatu vya matope."

Nyuma yake Kipkirui alikuwa ametoa koti la kung'aa, lile la njano la watu wa maegesho, akalikung'uta vumbi na kumkabidhi aliyekuwa Mkurugenzi kwa mikono miwili, kwa heshima. "Mzee, zamu yako ilianza saa mbili. Na gari ya wageni imeziba njia."

Jamleck Ndegwa alilitazama koti. Alitazama wakaguzi, alitazama dirisha la Chelangat, alitazama geti. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza, kwa hiyo akalivaa. Kisha akasimama nyuma ya gari, akainua mkono, na ile sauti ya jukwaani ikatoka yenyewe.

"Rudi... rudi... kata yote... rudi, rudi tu... simama hapo hapo!"

Gari likaingia kati ya mistari bila kugusa upande wowote. Gedion, kwa mazoea, akapiga makofi. Lilikuwa jambo la kwanza kufanyika pale Mamlakani bila kosa tangu ile Jumatatu makosa yalipotangazwa kuwa yamekwisha.